Uzi: Hadithi ya picha ya vita, Kigoma 1916. Nani alimuua Mrisho, na msomaji aambiwe?

1. Kalamu ya Bangwe
Salaam wakuu. Nakamilisha hadithi ya picha ya vita, kurasa 64, nyeusi na nyeupe. Inaanza gatini Kigoma mwanzoni mwa 1915, meli ya Graf von Götzen ikiwa bado inapigwa ribiti (vipini vya chuma vya kuunganishia mabamba), na inaishia Tabora Septemba 1916. Mrisho ni fundi wa ribiti. Zuhura ni binti wa Ujiji. Wanapendana na posa imekubaliwa. Usiku wa tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani wameshaizamisha meli na mji unahamwa, Mrisho anauawa ufukweni kwa risasi moja. Hadi ukurasa wa 64 muuaji hajulikani.

Msomaji anaachiwa vitu vinne: risasi ya milimita 11 iliyotolewa mwilini, barua ya Zuhura kwa herufi za Kiarabu, daftari la karani wa bandari linalosema mlio ulisikika "saa 4", na sarafu moja ya dhahabu mfukoni mwa marehemu. Halafu yupo mvuvi anayesema alimwona mtu kwenye mbalamwezi.

Nimeweka hapa kurasa 1 hadi 44 za penseli. Ninashikilia kwamba muuaji asitajwe. Vita vile viliacha wafu wengi ambao ndugu zao hawakuambiwa kitu, na nikimtaja muuaji nitakuwa nimewapa wasomaji jibu ambalo watu wa wakati ule hawakulipata. Nipingeni. Na kila kosa la picha mlitaje.

2. Mtani wa Gungu
Napinga. Ukinipa risasi, barua, saa na dhahabu umenipa kesi, na kesi ina hukumu. Kwangu muuaji ni yule shaushi (askari mwenye cheo) wa ukurasa wa 17 anayemkodolea Zuhura macho sokoni. Waingereza walipoizamisha Götzen kila mtu alikuwa anakimbia, shaushi akapata nafasi yake. Imekwisha hiyo.

3. Reli ya Kati
Mtani, Waingereza hawakuizamisha Götzen. Boti zao Mimi na Toutou ziliiteka boti ya Wajerumani, Kingani, tarehe 26 Desemba 1915, wakaibadili jina ikawa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Mimi na Fifi zikaizamisha meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann. Götzen waliizamisha Wajerumani wenyewe tarehe 26 Julai ili isichukuliwe, na Wabelgiji wakaingia Kigoma tarehe 28. Kwa hiyo usiku wa hadithi uko katikati, mji hauna mwenyewe. Hapo Kalamu umechagua vizuri sana.

Makosa niliyoyaona. Ukurasa wa 12 umechora mataruma (yale ya kulazia reli) ya mbao. Reli hii ya kufika Kigoma ilitandikwa mataruma ya chuma kwa sababu ya mchwa. Taruma la chuma halina ncha nene kama gogo: juu ni bapa, kingo na ncha zimekunjwa kushuka chini kama karai refu lililofunikwa, na kokoto zinajaa ndani yake. Upana kati ya reli na reli ni mita 1, kwa hiyo mtu mzima akilala kuzikatiza, kichwa na miguu vinatokeza nje. Wewe umemlaza mtu katikati akatoshea.

Ukurasa wa 30, Julai 1916, mzinga mkubwa bado uko sitahani. Ule wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg ulikuwa umeshaondolewa kupelekwa vitani nchi kavu, mahali pake ukasimamishwa wa mbao wa kudanganyia adui. Uchore huo wa mbao. Mdomo wake usiwe na tundu refu lenye giza, uwe na kivuli kifupi tu.

4. Lusenga
Mimi ni la mwezi tu. Ukurasa wa 38 umeweka mbalamwezi nzima juu ya ziwa. Haiwezekani. Tarehe 30 Julai 1916 jua lilipatwa (halikuonekana kwetu, lakini lilipatwa), na jua halipatwi isipokuwa mwezi ukiwa haupo kabisa angani usiku. Hesabu kurudi nyuma: usiku wa 26 kuamkia 27 mwezi ulikuwa umebaki ukucha, kama sehemu ya kumi ya uso wake, na ulichomoza karibu saa mbili na nusu kabla ya jua.

Tena ulichomoza mashariki. Kigoma ziwa liko magharibi, mashariki ni vilima. Ukucha ule ulichelewa zaidi kuonekana kwa sababu ya vilima, na ulipoonekana ulikuwa nyuma ya mgongo wa mtu anayetazama ziwa. Usiku ule ulikuwa giza la wavuvi, giza lenyewe hasa.

5. Kalamu ya Bangwe
Asante sana Lusenga. Hili limenishtua. Kama mwezi haukuwepo, basi mvuvi wangu anasema uongo, na mimi sikukusudia awe mwongo.

6. Mtani wa Gungu
Basi muuaji ni mvuvi. Shaushi nimemwachia.

7. Lusenga
Taratibu Mtani. Mvuvi anaweza kuwa mkweli kwa mwanga mwingine. Karabai hazikuwepo kwenye mitumbwi enzi zile. Dagaa walivutwa kwa moto wa kuni uliowashwa kwenye ncha ya mtumbwi, mmoja anachochea, mwingine yuko tayari na lusenga, ule wavu wa kuchotea wenye mpini mrefu. Usiku wa giza ndio wa kazi, kwa hiyo kumweka mvuvi majini usiku huo ni sahihi kabisa.

Shida ni moja. Anayekaa karibu na moto wa kuni haoni ufukweni, macho yameshazoea mwanga. Ataona kivuli kinachopita mbele ya moto mwingine, basi. Uso hataujua. Kwa hiyo badala ya "nilimwona kwa mbalamwezi" aseme "nilimwona kwa moto", na msomaji anayejua uvuvi atatilia shaka, asiyejua ataamini. Shahidi anabaki nusu.

Kwa mchoro: mwanga wa moto wa mtumbwi unatoka chini na mbele. Kivuli cha pua kinapanda juu, chini ya nyusi kuna mwanga, paji la uso lina giza. Ukimpa kivuli cha mwezi wa juu umeharibu.

8. Binti Kazeh
Habari zenu, nawasalimu kutoka Tabora. Mbona hakuna aliyegusa "saa 4"? Karani ni Mswahili aliyesoma shule ya serikali ya Wajerumani. Akiandika kwa mazoea ya nyumbani, saa 4 ni saa nne usiku. Akiandika kwa mazoea ya ofisi, saa 4 ya Mjerumani ni saa kumi alfajiri. Kati ya hizo mbili kuna saa sita nzima. Saa nne usiku shaushi wa ukurasa wa 36 yuko stesheni anapakia masanduku, kila mtu anamwona. Saa kumi alfajiri treni imeshaondoka na hatujui yuko wapi.

Usiandike "usiku" wala "asubuhi" mbele ya ile 4. Na uandike kwa tarakimu, usiandike "nne". Ukiandika neno, umeshamfanya karani ahesabu kwa Kiswahili.

9. Chuma na Baruti
Risasi sasa. Milimita 11 ni chaguo zuri kuliko unavyodhani. Bunduki ya kawaida ya askari wa Mjerumani ilikuwa Mauser ya 1871, milimita 11, inapakiwa risasi moja moja, baruti ya moshi. Upande wa Wabelgiji, Force Publique (jeshi lao la Kongo) walikuwa bado na bunduki ya Albini, nayo ni milimita 11, nayo ni ya moshi. Risasi zote mbili ni za madini ya risasi tupu, laini, zikigonga mfupa zinabonyea. Ukishaitoa mwilini huwezi kusema imetoka kwa nani.

Lakini ukurasa wa 41 umechora ganda la risasi mchangani. Liondoe! Ganda la Mauser lina urefu wa milimita 60, la Albini 50. Umelichora limelala kwenye kiganja cha karani, linavuka vidole vitatu. Anayejua atapima kwa vidole atapata Mauser na kesi imekwisha, kumbe hukutaka iishe. Acha risasi iliyobonyea peke yake.

Jingine ni mlio wenyewe. Bunduki ya moshi usiku inatoa ulimi wa moto mrefu mdomoni na wingu jeupe zito. Wingu haliyeyuki mara moja. Usiku upepo unashuka kutoka vilimani kwenda ziwani, kwa hiyo moshi unamfuata mvuvi alipo na ananusa kama kiberiti kilichowashwa. Umechora mistari miwili ya moshi kama wa sigara.

10. Reli ya Kati
Chuma, Albini itafikaje ufukweni tarehe 26 wakati Wabelgiji wameingia tarehe 28?

11. Chuma na Baruti
Wapelelezi hutangulia jeshi. Au bunduki iliyotekwa miezi ya nyuma ikarudi mikononi mwa mtu wa hapahapa. Sisemi ilikuwa hivyo, nasema haikatazwi.

12. Mwalimu Hati
Assalaam aleikum. Nimeisoma barua ya ukurasa wa 26 na nina mambo mawili, la pili ni kubwa.

La kwanza, umeiandika barua kwenye kompyuta na programu imezitenganisha herufi, kila moja imesimama peke yake. Herufi za Kiarabu hushikana. Iandike kwa mkono kwenye karatasi nyingine kwa kalamu ya mwanzi iliyokatwa ncha mshazari, halafu iskani na kuibandika. Usiigeuze kama kioo ukidhani unarekebisha upande. Barua inaanza kulia, ingawa vibonzo vyako vinasomwa kutoka kushoto. Kidole cha Mrisho kwenye kibonzo cha 3 kiko mwisho wa mstari huku maneno ya chini yanasema ndio kwanza anaanza.

La pili. Mstari wa nne Zuhura anaonya: "jihadhari na mpwa wake", yaani mpwa wa mzee aliyempinga Mrisho. Umetumia herufi ya P yenye nukta tatu, na hapo ndipo unapojifunga. Waandishi wengi wa zamani waliandika P na B kwa herufi ileile, ba yenye nukta moja chini. Ukiandika hivyo, neno hilo linasomeka "mpwa" na linasomeka "mbwa". "Jihadhari na mpwa wake." "Jihadhari na mbwa wake." Ngeli haisaidii, zote ni "wake". Mrisho alisoma lipi?

13. Mtani wa Gungu
Mwalimu nimesimama nimekaa. Basi ni mpwa.

14. Mwalimu Hati
Au ni mbwa, na mpwa hana hatia yoyote. Ongeza na hili: binti wa wakati ule mara nyingi aliandikiwa na mwalimu wa chuo cha Kurani. Kwa hiyo mtu wa tatu aliijua barua kabla haijafika.

Na nimekumbuka jambo lililowapita wote. Kama mwezi uliandama baada ya tarehe 30 Julai, basi hilo lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1334. Ukurasa wa 33 umemchora Mrisho anakula mchana gengeni. Saa kumi alfajiri ya Binti Kazeh ni saa ya daku, watu wako macho, majiko yanawaka. Saa nne usiku wanatoka kuswali tarawehe. Saa zote mbili zina watu! Mlio mmoja ungesikiwa na wengi, na wengi hao hawakusema. Kwangu kimya hicho kinatisha kuliko bunduki.

15. Kalamu ya Bangwe
Mwalimu, nashukuru kwa moyo wote. Ukurasa wa 33 naufuta leo. Nilikuwa nimeandika kwamba nikaha itakuwa "baada ya mavuno". Sasa itakuwa baada ya Idi.

16. Bi Mkubwa wa Ujiji
Afadhali umesema nikaha haijafungwa, maana ukurasa wa 43 umemkalisha Zuhura eda. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, na ni ya mke. Zuhura ni mposwa, hana eda. Hakai ndani, havai kanga nyeupe za eda, hapewi pole kama mjane, hana fungu katika mirathi. Wanawake watakwenda kumpa pole mama yake Mrisho, na yeye atakaa mkekani nyuma pamoja na majirani.

Nyinyi mmekazana na bunduki. Msiba wa hadithi hii uko hapo kwenye mkeka. Na tazama hesabu: angekuwa na eda, ingemfikisha mwanzoni mwa Desemba, asingeweza kuwa njiani kwenda Tabora Agosti. Kule kukosa haki ya kuomboleza ndiko kunakomfungulia njia. Mpe kurasa tatu bila neno. Idi imefika mwanzo wa Agosti, mji una bendera mpya, nguo ya arusi imekunjwa kwenye kikapu. Chora mkunjo wa nguo, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Usichore machozi.

17. Lusenga
Bi Mkubwa, hapo umetunyamazisha.

18. Binti Kazeh
Naunga mkono kabisa.

Narudi kwenye sarafu. Umechora rupia ya fedha yenye kichwa cha Kaizari halafu ukaandika "dhahabu". Sarafu ya dhahabu ya vita ni ya rupia 15, ilipigwa hapa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke. Upande mmoja tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima, chini herufi T. Upande wa pili tai. Uzito gramu 7 na ushei, upana kama milimita 22, yaani inafunikwa na ncha ya kidole gumba. Wewe umeijaza kwenye kiganja.

Zilitoka pia senti za shaba ya njano, heller 5 na heller 20, nazo zina T. Kama unataka Mrisho awe mtu wa kawaida mfukoni mwake, mpe heller 20. Ukimpa dhahabu ya rupia 15, lazima msomaji aulize nani alimlipa na kwa kazi gani. Rupia ilikuwa heller 100. Kibarua hashiki dhahabu hivihivi.

19. Mtani wa Gungu
Nimepata sasa, na hii siiachi. Wajerumani kabla ya kuizamisha Götzen waliipaka mitambo grisi nzito ili isioze, kwa sababu walitaka kurudi. Anayejua hilo anaweza kuwauzia Wabelgiji habari kwamba meli inafufulika. Mrisho alipaka grisi, akauza siri, akalipwa dhahabu, akauawa na aliyekuwa akilinda siri. Mapenzi hayahusiki.

20. Reli ya Kati
Grisi ni kweli, na ndiyo iliyoiokoa. Wabelgiji waliiinua ikazama tena, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina Liemba. Ila Mtani, Mbelgiji hakuwa na dhahabu ya Tabora mwezi Julai, Tabora ilianguka tarehe 19 Septemba. Aliyeweza kulipa kwa sarafu ile ni Mjerumani au mtu wake. Labda alilipwa anyamaze.

21. Mtani wa Gungu
Alipwe anyamaze halafu auawe? Mbona wasimuue kabla ya kumlipa?

22. Mgebuka
Wakuu mahali pa kuzamia mmeparuka. Kalamu amechora meli inazama mbele ya Kigoma na ufukwe wa maiti uko mita mia tatu. Götzen ilizamishwa mdomoni mwa Malagarasi. Kutoka hapo hadi Kigoma kwa mtumbwi si safari ya jioni moja. Mrisho hawezi kupaka grisi, kuzamisha, na kufa Kigoma usiku uleule.

23. Reli ya Kati
Mgebuka, maandishi hayakubaliani. Mengine yanasema Malagarasi, mengine ghuba ya Katabe, karibu kabisa na Kigoma, maji ya mita kama 20. Kina hicho kinapatana na kuinuliwa kwake baadaye.

24. Mgebuka
Malagarasi napo mchanga unajaa, kina kinabadilika. Sijashawishika.

25. Reli ya Kati
Nami pia. Kalamu, ukichora Katabe, Mrisho anaweza kuwa mmoja wa waliozamisha. Ukichora Malagarasi, hawezi. Usichore ufukwe wowote unaotambulika: ondoa kilima cha Bangwe kwenye kibonzo cha 2, bakiza maji na milingoti.

26. Nyundo
Nimesoma yote na nashangaa hakuna aliyeitazama kazi ya marehemu. Mrisho ni fundi wa ribiti. Meli ile ilikuja vipande, masanduku kama 5,000, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Ribiti ni kazi ya watu wanne. Mmoja anachochea tanuri na kuitoa ribiti kwa koleo ikiwa rangi ya chungwa linaloelekea njano. Wa pili anaipokea na kuichomeka tunduni. Wa tatu yuko ndani, anaegemeza chuma kizito kichwani mwake. Wa nne yuko nje, anapiga mkia mpaka ufanye kichwa cha pili. Muda ni mfupi: ikishageuka nyekundu iliyofifia, ukiendelea kupiga itakaa lakini haitabana, maji yatapita. Ikizidi moto hadi irushe cheche kama za fataki, chuma kimeungua, itupe. Ikiwa sawa, inapopoa inajivuta na kuyabana mabamba yote mawili. Ukaguzi ni nyundo ndogo na kidole: gonga upande mmoja, kidole upande wa pili. Ikitikisika kidogo tu, inakatwa.

Sasa fikiria aliyekuwa ndani. Kila pigo linamrudia kwenye bamba, naye yuko kama ndani ya ngoma. Miezi kadhaa ya hiyo, masikio yamekwisha. Mrisho wako umemchora ndani. Askari wa zamu usiku wa giza anauliza "Nani huko?", anauliza mara ya pili, hajibiwi, anapiga. Hakuna shaushi, hakuna mpwa, hakuna dhahabu. Mtu hakusikia.

27. Bi Mkubwa wa Ujiji
Yaa Rabi.

28. Chuma na Baruti
Hili linaingia na risasi, linaingia na saa zote mbili, na linaeleza kwa nini waliosikia walinyamaza: aliyepiga alikuwa kazini. Swali langu kwa Nyundo: kwa nini basi maiti ilikutwa imelala uso chini, kichwa kikielekea ziwani? Aliyeitwa asisikie angekuwa anatembea, na Kalamu amechora nyayo zimesimama pamoja, kama mtu aliyekuwa anangoja.

29. Nyundo
Nyayo zimo, ni kweli. Sina jibu la nyayo.

30. Mtani wa Gungu
Alikuwa anamngoja Zuhura. Au mpwa. Wakuu, nimeshawashtaki watu wanne tangu asubuhi.

31. Kalamu ya Bangwe
Nyundo, naongeza ukiziwi, lakini nauficha. Ukurasa wa 8 Zuhura anahamia upande wa kulia kwake kabla ya kusema. Ukurasa wa 22 anamgusa bega kwanza. Hakuna atakayelitamka.

32. Wino Mweusi
Nimechelewa, nitaongelea uchapaji tu. Kurasa 64 ni nzuri kwa sababu zinagawanyika kwa 16, vijitabu vinne vya kushona. Usiongeze ukurasa wa 65 hata kama Bi Mkubwa anakudai kurasa tatu, punguza kwingine.

Unachora A3 na kitabu ni A5, kila kitu kinapungua nusu. Mstari wa milimita 0.4 utakuwa 0.2, chini ya hapo utakatika ukichapwa kwenye karatasi nyepesi. Herufi za maneno ziwe na kimo cha milimita 5 kwenye mchoro zibaki 2.5. Skani A3 kwa nukta 300 kwa inchi, ukipunguza nusu unapata 600 kamili. Acha milimita 3 za ziada kila ukingo, maana kisu cha kiwandani huhama.

Giza. Ukurasa wa 38 baada ya kumtoa mwezi utakuwa mweusi karibu wote. Wino wa brashi ukipakwa eneo kubwa mara moja unakunja karatasi na unakauka kwa mabaka. Paka tabaka mbili nyepesi, la kwanza likauke kabisa, la pili liende mkato wa la kwanza. Acha ukingo mwembamba mweupe kuzunguka mtu, upana wa unywele, la sivyo Mrisho atayeyuka gizani. Karatasi iwe ya gramu 200 au zaidi.

Mahali pa maiti: kurasa za namba shufwa ziko kushoto. Mlio uweke kibonzo cha mwisho cha ukurasa wa 39, maiti ukurasa wa 40, ili mkono wa msomaji ndio ufunue. Hivi sasa umeviweka 40 na 41, vinatazamana, jicho linaiona maiti kabla sikio halijasikia bunduki.

Na vitenzi vyetu ni virefu. "Hawakunitambulisha" haikatwi katikati. Panua puto la maneno kwa upana, usiliongeze kwa kimo.

33. Reli ya Kati
Wino, 39 na 40 sawa kabisa. Ila daftari la karani nalo lisogee, lisiwe kabla ya mlio.

34. Mwalimu Hati
Nimerudi kwenye kurasa za penseli kutazama nukta za barua, nikaona kitu. Kalamu, ukurasa wa 9, kibonzo cha mwisho, chini ya mtumbwi uliopinduliwa kuna mbwa amelala. Na nyuma yake ni nyumba ya yule mzee. Ulimweka kwa makusudi?

35. Kalamu ya Bangwe
Hapana. Kona ilikuwa tupu, nikachora mbwa.

36. Chuma na Baruti
Mfute. Mbwa akiwepo, barua inasomeka "mbwa" na mpwa ameachiwa huru.

37. Mwalimu Hati
Asifutwe. Bila mbwa barua inasomeka "mpwa" moja kwa moja, na kijana wa watu amehukumiwa na kona tupu.

38. Binti Kazeh
Mbwa abaki, na mpwa aonekane mara moja akimlisha. Mara moja tu, na kwa mbali.

39. Lusenga
Mbwa hubweka usiku. Kama alikuwepo ufukweni, mvuvi angemsikia kabla ya mlio. Kalamu, kwenye ukurasa wa 39 kuna mtu anageuza kichwa kabla ya bunduki kulia. Anasikiliza nini?

40. Kalamu ya Bangwe
Ni mvuvi. Nilimgeuza ili uso upate mwanga wa moto, sikufikiria sauti. Naenda kulichora upya. Masikio yake nitayaweka kwenye mwanga, mdomo gizani, na upande wa ufukweni nitaujaza wino tabaka mbili kama alivyosema Wino.